Kilichomo Bustanini

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema hivyo. Wahenga walishanena kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nami nilichagua upande wangu mapema. Ndiyo maana kati ya wenye maduka wote wa mtaa wetu, mimi peke yangu sikuwahi kuivaa miwani ya mama mdogo.

Mama mdogo, aliyezaliwa tumbo moja na mama yangu, alikuwa msusi mpaka vidole vilipoanza kumfa ganzi. Akauza viti vya saluni na vikaushio vya nywele, akanunua miwani ya gemu: dude jeusi linalofunika macho mpaka mashavuni, lenye mkanda wa kufunga kisogoni, vifuniko vya masikio, waya mrefu unaoingia kwenye mashine, na vishikio viwili vya mikononi. Ukishaivaa huoni tena chumba ulichokaa. Unaona ulichowekewa, ukigeuka kipo, ukiinua kichwa kipo. Ukutani alitundika televisheni ili waliosimama barazani nao waone anachokiona mvaaji. Mimi nauza viatu upande wa pili wa barabara, mlango kwa mlango naye, kwa hiyo niliona kila kitu bila kulipa.

Gemu alikuwa nazo nyingi, za mpira, za magari, za kurusha ndege. Lakini iliyomlisha ilikuwa moja, Bustani. Picha yake ya mbele ilikuwa na maua, vipepeo na kijumba cheupe, ungedhani ni ya watoto wa chekechea. Ukiingia unasikia filimbi, unapewa ndoo, unamwagilia maua. Bibi kizee mwenye kilemba anatokea mlangoni, anakupungia mkono uje uchukue mbegu. Mbegu ziko kwenye shimo chini ya sakafu. Unashuka ngazi, mfuniko unafungwa juu yako, taa inazimika, halafu unasikia beleshi. Bibi kizee anakufukia. Udongo unamwagika juu ya mbao na kupenya, na wewe uko chini unapapasa gizani, na kuna kitu kinapumua karibu na sikio lako.

Hapo ndipo kila mvaaji alipopiga ukelele, akatupa mikono, akavua miwani, akakuta nusu ya mtaa imejaa mlangoni imeshika mbavu kwa kucheka. Naye akishapata pumzi alicheka kuliko wote. Kisha alikwenda kumtafuta rafiki yake ambaye bado hajaivaa.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Mtaa mzima ulijua kilichomo Bustanini, na mtaa mzima ulifunga mdomo. Kinyozi wa chumba cha jirani, mtu ambaye ukimwambia jambo asubuhi unalikuta sokoni adhuhuri, siri hii aliitunza kama mboni ya jicho. Shemeji alimpeleka shemeji yake, vibarua walimpeleka bosi wao. Kumwambia mtu mapema kulihesabiwa kuwa ni uchoyo. Aliyeitengeneza gemu hiyo, nisimwonee, aliweka onyo: kabla ya filimbi kuanza ulitokea ukurasa mweusi uliosema kwamba ndani mna kufungiwa, giza na kuzikwa hai, na mwenye hofu ya mambo hayo asiendelee. Lakini mtu anayeweka onyo nyuma ya vipepeo anataka aaminiwe kwa lipi? Na mama mdogo aliubonyeza ukurasa ule ukapita kabla hajamvisha mteja. "Mwanangu," aliniambia, "ukimwambia mtu kapuni mna nyoka, nani atatia mkono?" Nikamjibu kwamba mimi hata kapu lenyewe silitaki.

Fundi cherehani alihamia mtaani baadaye. Aliweka cherehani yake kwenye baraza ileile ya mama mdogo, nje kabisa, na si kwamba alikosa chumba. Chumba alikuwa nacho, akakitumia kuwekea vitambaa tu. Mvua ya upepo ikija, alifunika nguo za watu kwa nailoni akaendelea kukanyaga pedali huku mgongo unalowa. Tulimtania kwamba anaogopa kuchakaza dari. Alitabasamu, akakata uzi kwa meno. Alikuwa mpole, mtu wa maneno machache, na suruali akikupunguzia yeye huirudishi mara ya pili.

Mama mdogo alimpenda. Yeye hakuficha na mimi sitamfichia. Mwanamke aliyeachwa na mume wa kwanza kwa simu, akaapa kwamba hatamwandalia mwanamume maji ya kuoga tena maishani, alianza kubeba vikombe viwili vya chai kwenda kwenye cherehani. Wakakubaliana. Ilibaki wazee wa pande mbili wakutane. Alipomuuliza habari za kwao, fundi alisema alikuwa na mdogo wake wa kiume, alifia kazini, na hapo akainama kutunga uzi kwenye sindano. Mama mdogo hakuchimba. Alidhani kutochimba ni heshima.

Jambo ambalo sote hatukulijua wakati ule ni hili. Kabla ya cherehani, fundi alikuwa mpiga lipu kwenye majengo. Yeye na mdogo wake walikuwa ghorofa ya chini siku jengo lilipoporomoka. Walifukiwa pamoja kwenye nafasi isiyotosha hata kukaa, gizani, na aliyetolewa hai ni mmoja. Sasa utaelewa kwa nini mpaka leo siwezi kuusahau mchana alioingizwa Bustanini.

Kinyozi ndiye aliyeanza. "Fundi, wewe unataka kuoa mtaa huu na Bustani hujaingia? Nani atakupa mke?"

Watu wakaanza kusogea. Fundi aliweka mkasi chini, akamtazama mama mdogo aliyekuwa amesimama mlangoni kwake.

"Kuna nini humo, mwenzangu?"

Nilikuwa mlangoni kwangu na kiatu kimoja mkononi, nikamwona mama mdogo akikibana kicheko kwenye pembe za midomo. "Bustani tu," alisema. "Utamwagilia maua."

"Na mlango hautafungwa?"

"Mlango gani?"

"Wa chumba chako."

"Huoni watu walivyojaa? Nani ataufunga?"

Hilo likamtosha. Nalo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba aliuliza. Aliuliza vizuri, tena akamuuliza mtu anayemwamini, na akajibiwa. Akaingia, akakaa, akainamisha kichwa avishwe. Mama mdogo alibonyeza onyo likapita. Akamfunga mkanda taratibu asimvute nywele, kwa mikono yake ileile ya ususi, akampa vishikio.

Filimbi ikalia. Fundi alimwagilia maua moja baada ya jingine bila kuruka hata ua moja, mpaka watu wakaanza kunung'unika kwamba atatuchelewesha. Bibi kizee akatokea, akampungia. Fundi akamfuata. Juu ya ngazi akasita.

"Naona kuna kushuka," alisema.

"Shuka tu," mama mdogo akamjibu.

Mfuniko ulipofungwa televisheni ikawa nyeusi, na watu wakavuta pumzi wakingojea ukelele. Ukelele haukuja. Fundi aliganda. Beleshi la kwanza likasikika, la pili likafuata, na yeye hakutikisika. Mtu mmoja akasema kumbe huyu mpole ana roho ngumu. Kisha, kama walivyonisimulia waliokuwa karibu, fundi akaanza kuongea, kwa sauti ya chini, ya kubembeleza.

"Nyamaza, mdogo wangu. Usilie. Usiimalize hewa."

Kicheko kilichopasuka pale kilinifikia ng'ambo ya barabara. Walidhani fundi amewazidi wote kwa maigizo. Mama mdogo naye alicheka. Nilimwona, mkono kifuani, kichwa nyuma. Fundi akaita, "Mwenzangu." Akaita tena, "Mwenzangu, uko wapi?" Kicheko kikazidi. Hapo akaviachia vishikio akaanza kuichimba hewa kwa kucha, usawa wa uso wake, haraka haraka, kisha akawa anaichimba miwani yenyewe, mpaka kucha zikaanza kutoka damu.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kunyamaza. "Dada, mvue," alisema. "Dada, huyu hachezi."

Nilikuwa nimeshavuka barabara, na sijui nilivukaje. Nilimkuta mama mdogo uso umempauka, anahangaika na mkanda alioufunga mwenyewe, na fundi anamsukuma kwa nguvu za mtu anayekata roho. Waya ukachomoka kwenye mashine. Ile picha ikapotea, sauti ikapotea, lakini miwani ilibaki machoni pake, kwa hiyo sasa alikuwa na giza tupu. Aliinuka akaangusha kiti, akapita katikati ya watu waliompisha huku wengine bado wanatabasamu, akatoka barazani, akashuka mahali pasipo na ngazi.

Mbele ya baraza kuna mtaro uliofunikwa kwa vibamba vya zege, na kimoja kilikuwa kimevunjika siku nyingi. Sisi tulizoea kuliruka lile pengo. Fundi alitumbukia humo mwili mzima, mabega yakabanwa kati ya kuta mbili za saruji, na miwani bado iko usoni.

Hata hapo hakupiga kelele. Hilo lilinitisha kuliko kelele zote nilizowahi kusikia. Nililala kifudifudi juu ya zege nikaingiza mkono, nikagusa nywele zake zilizolowa, na sikusikia pumzi. Mama mdogo alikuwa ubavuni kwangu anasema, "Ni mtaro tu, ni mtaro, juu kuna mwanga, niko hapa," anarudia maneno yaleyale, na masikio ya mwenzake yamezibwa. Kinyozi na wabeba mizigo wawili walivunja kibamba cha pili kwa nyundo. Walipomtoa, midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu. Mkanda niliufungua mimi. Macho yalikuwa wazi na hayakutuona.

Kwa muda wa kumeza mate hivi nilijua amekufa. Halafu kifua kikapanda.

Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika, na mbavu pia. Daktari alisema mifupa itaunga. Kuhusu mengine hakusema kitu. Fundi aliomba kitanda cha dirishani, akaomba mlango wa wodi usifungwe, na akaomba mwanamke yule asiingie. Kwa hiyo kila siku mama mdogo alikaa kwenye benchi la nje, mikono katikati ya magoti.

"Akifa je?" aliniuliza.

"Hafi, mama mdogo. Bega haliui mtu."

"Na asipokufa je?"

Nilielewa kwamba hilo la pili ndilo lililomnyima usingizi: kwamba ataishi, watapishana barazani miaka yote iliyobaki, na hatamtazama tena.

Siku moja muuguzi akatoka akasema mama anaitwa. Alinishika mkono nikaingia naye.

Fundi alimweleza habari za jengo akiwa anatazama dirishani. Hakuzipamba. Alisema mdogo wake alilia sana mle ndani, na yeye akawa anamwambia nyamaza, usiimalize hewa. "Mwisho akanyamaza," alisema. "Mpaka leo sijui kama alinisikia, au."

Hakumalizia. Mama mdogo alikuwa analia bila sauti.

"Kule shimoni nilikuita wewe," fundi akaendelea. "Hata kupitia vile vifuniko vya masikio nikasikia watu wanacheka. Nikasikia na kicheko chako, nakijua." Akamgeukia kwa mara ya kwanza. "Ulicheka?"

Ningekuwa mimi ningesema hapana, ni kinyozi. Uongo ulikuwa karibu, na hakuna ambaye angeupinga. Mama mdogo alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Nilicheka," alisema.

Fundi alirudisha macho dirishani. "Haya," alisema. "Nenda nyumbani."

Chumba cha miwani kilifungwa. Nilimwambia mama mdogo aichome ile takataka, na kiberiti nitatoa mimi. Akakataa. Alisema akiichoma watu watasema gemu ndiyo iliyokosa, na yeye anajua aliyekosa ni nani. Alipofungua tena, watu walikuta mambo mapya. Ule ukurasa mweusi hakuubonyeza. Aliusoma kwa sauti mbele ya mteja, kisha akaongeza maneno yake mwenyewe:

"Usidanganyike na maua, hii si ya maua. Utafungiwa shimoni. Kutakuwa giza, utamwagiwa udongo, utasikia mtu anapumua. Ukisema basi, nakuvua papo hapo. Kama umewahi kufungiwa mahali, au kufukiwa na kifusi, au umefiwa karibuni, nakuomba usiivae. Nina ya mpira pale, nina ya ndege."

Baraza ikamnunia. Kinyozi, yuleyule aliyevunja zege kwa nyundo mpaka viganja vikachubuka, alikuwa ameanza kusahau. "Dada, mchezo umeutia maji," alilalamika. "Sasa mtu atashtuka nini?" Hasira zikanipanda nikawapa yao. Niliwaambia anayetaka kuogopa ataogopa tu hata akiambiwa. Mimi nimeijua Bustani kuanzia ndoo mpaka beleshi na bado siingii. Mliopunguziwa utamu ni nyinyi wa mlangoni, si mvaaji. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wakanicheka, lakini siku ile walinicheka kwa sauti ndogo.

Wateja walipungua, sitasema hawakupungua. Ila wapo waliosikiliza yote, wakasema hiyohiyo ndiyo naitaka, wakaivaa, wakapiga ukelele, wakavua wakiwa wazima. Na wapo walioirudisha miwani mezani kimyakimya wakachagua mpira. Mmoja wao alikuwa mbeba mizigo mwenye mabega yanayojaza mlango. Mama mdogo hakumuuliza sababu, akamwekea mpira, nami nilijua anawaza ni wangapi wa namna hiyo aliowahi kuwavisha huku anacheka.

Fundi alirudi kwenye cherehani yake, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alishona nguo nyepesi tu, kwa mkono mmoja. Alikaa palepale barazani, karibu kiasi cha kusikia kila neno linalosemwa chumbani, na mama mdogo hakumsemesha zaidi ya salamu. Salamu ikitoka ilirudi, basi. Kila mteja alipoingia, mama mdogo alieleza kilichomo akijua kwamba nje kuna masikio yanayompima. Sauti ilimkatika mahali palepale kila mara, kwenye neno shimo.

"Anasubiri nikosee," aliniambia jioni moja tukifunga maduka.

"Labda anasubiri usikosee."

"Kwangu mimi ni kitu kimoja," alisema, na kufuli likamponyoka mkononi.

Mkono wa fundi ulipokaribia kupona, alikuja mwalimu mmoja wa watoto wadogo, mgeni mtaani, ameletwa na wenzake. Mimi nilikuwa nimeingia kumsalimia mama mdogo. Mwalimu alisikiliza onyo lote, akaipakata miwani kwenye mapaja, akawa anaigeuzageuza.

"Na nikisema basi, kweli utanivua?"

"Nitakuvua. Mkono wangu utakuwa begani kwako tangu mwanzo."

"Na hutanicheka?"

Mama mdogo aliwatupia jicho waliosimama mlangoni. "Mimi sitakucheka. Hawa wa mlangoni siwezi kuwasemea."

Mwalimu aliwatazama waliojaa mlangoni, watu asiowajua hata mmoja. Ilionekana anatafuta uso wa kuuliza. "Jamani, nimwamini huyu mama?" alisema.

Kinyozi alikuwa ameshaupanua mdomo kwa mzaha wake. Nje, cherehani ikanyamaza. Mama mdogo aliisikia ikinyamaza. Niliona mabega yake yakipanda na kukakamaa, kama mtoto anayengojea kuchapwa, na hakuthubutu kugeuka.

"Mwamini," fundi alisema.

Kisha pedali ikaanza tena. Mwalimu akainua miwani usoni. Mama mdogo alijaribu kumfunga mkanda, vidole vikamkataa, akajaribu tena vikamkataa, ikabidi mwalimu ajifungie mwenyewe.